Kuchanganya Samaki Wawindaji wa Tanganyika kwenye Tangi Moja

Frontosa, samaki mwindaji wa Ziwa Tanganyika, akifikia sentimita 25 na kufungua mdomo, kidole gumba cha mtu mzima kinaingia bila kugusa pembeni. Ukimtazama tu huwezi kudhani. Anaelea taratibu, nundu kichwani, mistari ya samawati na nyeusi ubavuni, macho yanageuka polepole kama ya mzee aliyekaa barazani. Mtu akimwona anasema huyu mpole, anamchanganya na visamaki vyembamba vya sentimita 7, na baada ya wiki tatu vimebaki viwili. Hapakuwa na ugomvi, hakuna pezi lililochanika wala mzoga chini ya tangi. Vimeliwa alfajiri, kimoja kimoja.

Kwa hiyo unapochagua samaki wawindaji wa kukaa pamoja nyumbani, kuuliza "huyu mkali au mpole?" hakukufikishi mbali. Uliza mdomo wake unafunguka kiasi gani, anawinda saa ngapi na kwa mtindo gani, na maji ya kwao yakoje. Ukali upo, nitaufikia, lakini sehemu kubwa ya ukali wa samaki hawa hutokana na uzazi na nafasi, wala si njaa.

Hapa Kigoma tuna bahati ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanailipia pesa nyingi. Ziwa liko mlangoni, na maji ya bomba ya mjini yanavutwa humo humo. Frontosa wa Kigoma anajulikana na wafugaji wa nchi nyingi kwa mistari yake saba, wakati ndugu zake wa sehemu nyingine nyingi za ziwa wana sita. Nitazungumzia hasa samaki wa Tanganyika, na wenzetu wa Tabora nitawawekea hesabu zao pale zinapotofautiana na zetu.

Maji ndiyo yanayoanza kuchagua

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha utindikali au ualkali wa maji, ya kati ya 8.6 na 9.2. Ugumu wa kaboneti, ule unaozuia pH kuyumba, ni digrii 15 hadi 17 hivi, ugumu wa jumla, yaani madini ya kalsiamu na magnesiamu, digrii 10 hadi 12, na joto la maji ya juu ni nyuzi 24 hadi 28. Samaki wa humu wamezoea maji yasiyoyumba. Oska, anayeuzwa sana Dar es Salaam, asili yake ni Amazon, kwenye maji laini yanayoelekea tindikali. Ukiwaweka pamoja, mmoja wao siku zote anaishi kwenye maji ya mwenzake. Tena oska ana pupa. Chakula kikidondoka anakirukia na kusukuma kila aliye mbele, na frontosa, ambaye hula kwa kujifikiria, hurudi nyuma na kukonda huku tangi limejaa chakula. Mchanganyiko huo uache kabisa, hata kama wote wawili ni wakubwa na hakuna anayeweza kummeza mwenzake.

Maji yetu yana hatari moja ambayo wengi hawaijui mpaka samaki wafe. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ndani ya maji iko katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa. pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila sura. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 26, amonia iliyo katika sura ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.8 inakaribia asilimia 27. Yaani uchafu ule ule ambao tangi la oska lingeuvumilia, kwenye tangi la frontosa unaua. Wawindaji wanakula nyama na wanachafua maji kuliko samaki wala mimea, kwa hiyo usitie mwindaji yeyote kwenye tangi ambalo halijakomaa. Washa filta, weka chanzo kidogo cha amonia, subiri wiki 4 hadi 6, upime. Amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri, na nitrati ionekane. Hapo ndipo bakteria wa filta, wanaogeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, wamejaa vya kutosha.

Kwa Kigoma mjini kazi ya maji ni ndogo. Kinga maji ya bomba kwenye pipa lisilofunikwa, tumbukiza jiwe la pampu ya hewa, acha saa 24 klorini iondoke. Tabora, ambako siku hizi maji ya bomba yanatoka Ziwa Victoria, maji ni laini mno kwa samaki hawa, na lazima uyatengeneze. Nunua kipimo cha matone cha ugumu, usikisie. Kwa kila lita 100, gramu 3 za bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, hupandisha ugumu wa kaboneti kwa digrii 1. Gramu 4.5 hivi za chumvi ya haluli hupandisha ugumu wa jumla kwa digrii 1. Kama kipimo kimesoma 3 na 3, na unataka kaboneti 15 na jumla 10, utahitaji gramu 36 za bikaboneti na gramu 31 au 32 za haluli kwa kila lita 100. Yeyusha kwenye ndoo ya maji mapya kwanza, usimwage unga kwenye tangi lenye samaki. Na tafadhali, hakikisha ni bikaboneti. Kostiki ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine, na kijiko kimoja tu kinamaliza tangi zima.

Tabora pia usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, kwa hiyo hita inahitajika. Kigoma wengi tunafuga bila hita mwaka mzima.

Pima kimo, usipime urefu

Kosa la kawaida ni kulinganisha urefu: huyu sentimita 20, huyu 10, atamla au hatamla? Urefu unadanganya. Samaki humezwa kwa kimo cha mwili wake, yaani kutoka mgongoni hadi tumboni. Kimo kikiwa kidogo kuliko upana wa mdomo uliofunguka, huyo ni chakula, hata kama leo anaachwa. Frontosa wa sentimita 25 anaweza kumeza samaki mwembamba wa sentimita 9 au 10. Ukitaka kujua mdomo wa mwindaji wako bila kumshika, bandika rula kwenye kioo upande wa nje, dondosha chakula, tuseme kamba mmoja, karibu nayo, piga picha ya video kwa simu, kisha isimamishe pale anapofungua mdomo. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya ukuaji. Kipimo hicho ndicho kitakachokuongoza ukiwa mbele ya ndoo ya muuzaji.

Mwili wenye kimo kirefu na miiba ni kinga kubwa. Mwangalie Altolamprologus compressiceps akivamiwa. Hakimbii. Anapinda mwili kama upinde, anamgeuzia adui ubavu wenye magamba magumu, anasimamisha miiba ya mgongoni na ya chini, na kubaki hapo hapo. Samaki mkubwa anagonga mara moja, anapata miiba mdomoni, anaondoka. Wembamba wa compressiceps ni wa ubavuni, ukimtazama kwa mbele ni kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, na wembamba huo ndio unaompitisha kwenye nyufa za mawe kutafuta uduvi na vifaranga. Kwa hiyo ni mwindaji kamili anayeweza kukaa na mkubwa kuliko yeye, mradi amefika walau sentimita 8. Mdogo zaidi ya hapo hana kimo cha kutosha. Tatizo lake ni kukua polepole mno, na ukimnunua wa sentimita 4 utamlea peke yake zaidi ya mwaka kabla hajakutana na frontosa mkubwa.

Gogogo wa Tanganyika, yule mwenye madoa meusi, Synodontis multipunctatus, ana kinga ya namna nyingine. Mwiba wa pezi la mgongoni na ile miwili ya mapezi ya kifuani hujifunga kama komeo, na huwezi kuilaza kwa nguvu. Wavuvi wanaijua adha ya kumnasua kwenye wavu. Hapo ipo hatari: akiwa mdogo, mwindaji akamdaka, miiba inajifunga ndani ya mdomo, hamezwi wala hatemwi, na wote wawili wanakufa. Nunua gogogo waliozidi sentimita 8 kwa tangi la frontosa. Ajali ikitokea, usivute gogogo kwa mkia. Mtoe mwindaji, mfunike kwa kitambaa kibichi, kata miiba iliyojifunga kwa kikata kucha kikubwa, halafu msukume gogogo atoke polepole. Dakika chache tu unazo.

Gogogo huyu ana tabia nyingine inayojulikana sana kwa wataalamu wa samaki. Hupenyeza mayai yake wakati samaki wanaotamia mdomoni wanataga, jike anayaokota pamoja na yake, kisha vifaranga wa gogogo huanguliwa mapema na kuwala wenyeji wao humo humo mdomoni. Kama lengo lako ni kuzalisha frontosa, jua kwamba gogogo pia hula mayai wakati wa utagaji. Kama lengo ni kutazama tu, waache.

Frontosa na wenzake

Mchanganyiko ninaouamini kuliko mingine yote, kwa tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540, ni huu: frontosa dume 1 na majike 4 au 5, compressiceps 4, na gogogo wa madoa 5. Wote ni wawindaji, wote wanataka maji yale yale, na kila mmoja ana saa na mahali pake. Frontosa anashika katikati na mbele ya mawe, compressiceps yuko nyufani, gogogo wanatoka giza likiingia na kulisaka sakafu ya mchanga.

Usinunue dume mkubwa na kumtafutia wake. Nunua frontosa 8 hadi 10 wa sentimita 5 au 6 kwa pamoja, wakue pamoja. Wakifika sentimita 12 hadi 15, dume mkuu ataonekana kwa nundu na kwa jinsi wengine wanavyompisha. Madume ya ziada yatoe kabla hayajabanwa. Dalili ya anayebanwa ni moja na haidanganyi: anakaa pembe ya juu ya tangi, karibu na bomba la filta, rangi imefifia, mapezi yamebanwa mwilini. Ukimwona hivyo asubuhi mbili mfululizo, mtoe siku hiyo hiyo. Dume hufika sentimita 30 hadi 35 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo fikiria pia nani atamtunza ukihamishwa kikazi.

Porini frontosa huishi kwenye mawe, mara nyingi kwenye kina cha mita 20 na kuendelea. Alfajiri, wakati Cyprichromis, visamaki vyembamba vya makundi, bado wamelala wametawanyika juu ya miamba, yeye tayari anaona vizuri na anawaokota bila haraka. Tabia hiyo anaihamishia nyumbani. Taa ya tangi ikizimwa ghafla saa nne usiku, samaki wadogo wanabaki wametapakaa gizani bila kujua pa kuegemea, na alfajiri ndiyo hasara inatokea. Acha taa ya chumba iwake nusu saa baada ya ile ya tangi, na asubuhi fungua pazia kabla hujawasha tangi. Hata hivyo Cyprichromis wenyewe, pamoja na uzuri wao, usiwaweke na frontosa wakubwa. Hiyo ni kumtandikia chakula.

Kuhusu frontosa wa kuvuliwa: samaki aliye mita 30 yuko chini ya mgandamizo mara nne ya ule wa juu. Akivutwa haraka, hewa ya kibofu chake inapanuka mara nne. Anafika mtumbwini tumbo limevimba, macho yametoka, anaelea kichwa chini. Wanaojua kazi humpandisha kwa hatua, kwenye kizimba, kwa siku kadhaa. Ukiletewa frontosa anayepiga mapezi mfululizo ili asipande juu, au aliyelala ubavu kwenye ndoo, usimchukue hata kwa bei ya kutupa. Mimi napendelea waliozalishwa kwenye matangi, na kwa wanaotaka wa ziwani, nunua kwa mwenye leseni ya samaki wa mapambo, na kumbuka maji ya hifadhi za Gombe na Mahale hayavuliwi.

Wawindaji wengine wa mawe

Lepidiolamprologus elongatus anavutia. Mwili mrefu kama mkuki, vidoa vya kung'aa, anasimama kwenye kivuli cha jiwe kisha anaruka kama amerushwa. Akiwa mmoja anaweza kukaa kwenye tangi la lita 540 na samaki wenye kimo. Wakiwa dume na jike, tangi ni lao. Siku wakitaga, watalinda vifaranga kwa kuwafukuza wengine wote mpaka ukuta wa pili, na kwa kuwa kioo hakina pa kukimbilia, utaokota mizoga. Hapa ndipo ukali wa uzazi ninaousema. Ziwani aliyefukuzwa anaogelea mita chache tu na ugomvi umekwisha.

Lamprologus lemairii ni wa kuvizia. Amefanana na jiwe lenye matope, mdomo mpana, anajibandika kwenye mwamba na kungoja. Hana haja ya kufukuzana na mtu, kwa hiyo anaendana vizuri na compressiceps wakubwa na gogogo. Mmoja tu kwa tangi, na usimwekee chochote kinachopita mdomoni mwake, maana huyu hujaribu hata samaki wa nusu ya urefu wake. Mkunga wa miiba, Mastacembelus, naye ni mwindaji wa usiku asiye na ugomvi, ila hutoroka. Tundu la upana wa kidole pembeni mwa bomba linamtosha, na utamkuta sakafuni amekauka. Ukitaka mkunga, funika tangi lote na uzibe kila tundu kwa sponji.

Kwa tangi dogo, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, sahau frontosa. Weka compressiceps 5 au 6, kundi la Cyprichromis 10 waliokwisha kukua kwa sehemu ya juu, na gogogo wadogo aina ya Synodontis petricola 4. Cyprichromis huruka, kwa hiyo nalo lifunikwe.

Wa kuwakataa

Kuhe anauzwa akiwa mchanga, ana urembo, na watu wanadanganyika. Huyu ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamii ya sato na perege, hupita sentimita 60, na ni muogeleaji wa maji ya wazi. Hakuna tangi la sebuleni linalomtosha. Sangala na mgebuka ni vivyo hivyo. Kamongo hung'ata vipande, haijalishi mwenzake ana kimo gani. Bunju mkubwa wa maji baridi, Tetraodon mbu, hukata mapezi ya wenzake kwa meno yanayovunja konokono.

Walaji wa magamba ndio wa kuwachunguza zaidi, kwa sababu wanaingia kwenye ndoo bila kutambuliwa. Perissodus microlepis haui. Anavizia kwa nyuma na kubandua magamba ya samaki aliye hai. Mdomo wake umepindika upande mmoja: aliyepindikia kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na aliyepindikia kushoto hushambulia wa kulia. Mtafiti Mjapani Michio Hori aliandika mwaka 1993 jinsi aina hizi mbili zinavyopokezana wingi ndani ya ziwa hili hili. Ndugu yake, Plecodus straeleni, ana mistari ya samawati na nyeusi, na mtu mwenye haraka anaweza kumchukua akidhani ni frontosa mchanga. Mtie kwenye chombo cha plastiki angavu, mtazame kwa mbele usawa wa macho. Frontosa mchanga ana paji lililoinuka, na mdomo wake uko sawa pande zote mbili. Ukiona mdomo umekaa upande, mrudishe.

Na Tropheus? Si mwindaji, lakini watu humtia kwenye tangi la wawindaji kwa kuwa ni mgumu na mwenye fujo. Kinachomuua ni chakula. Utumbo wake ni mrefu, wa kula mwani wa mawe. Akila kamba na dagaa wa frontosa kila siku, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, anaacha kula, na kwa kawaida hapo tumechelewa.

Tangi, kwa kifupi

Kimo cha sentimita 60 kinataka kioo cha milimita 12 na mikanda ya kioo juu. Mwambie fundi atumie silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, ikauke wiki nzima kabla ya kujaza. Maji lita 540 ni kilo 540, kioo chenyewe ni kilo 100 hivi, ongeza mawe na mchanga: meza ya sebuleni haiwezi, jenga stendi ya chuma au ya tofali. Mawe yakae moja kwa moja kwenye kipande cha povu gumu au mpira uliotandikwa sakafuni mwa tangi, kisha mchanga ufuate. Ukiweka mchanga kwanza, samaki watachimba chini ya jiwe na litaangukia kioo. Filta ipitishe lita 3,000 hadi 4,000 kwa saa. Weka pia pampu ya hewa yenye betri, kwa sababu umeme ukikatika saa sita mchana na tangi lina wawindaji 14, oksijeni inapungua haraka na bakteria wa filta nao wanaanza kufa. Umeme ukiwa haupo, usilishe.

Chakula

Mwindaji aliyeshiba hupunguza majaribio, ingawa hayaachi. Wadogo walishe mara mbili kwa siku kidogo kidogo, wakubwa mara moja, na siku moja kwa wiki wasile kitu. Kamba na uduvi, minofu ya samaki, na chembe za chakula zinazozama ndiyo msingi. Dagaa wabichi wa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, ni wazuri wakioshwa na kugandishwa, lakini wasiwe chakula pekee: baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mwindaji anayekula hao tu hudhoofika. Dagaa wa chumvi usitumie. Wa kukaushwa mchangani waloweke na uwasuuze mara tatu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, waliokuwa na pakiti kwenye friza hawakuhangaika, kwa hiyo weka akiba. Maini na nyama ya ng'ombe yana mafuta ambayo samaki hawa hawawezi kuyatumia vizuri. Samaki hai wa kulisha nao waache, wanaleta magonjwa na wanamfundisha mwindaji kukimbiza. Na frontosa asipewe chakula kinachoelea, maana akikidaka juu anameza hewa na kubaki akielea kwa siku nzima.

Kuwaingiza

Wageni wote wakae karantini wiki 3 hadi 4 kwenye tangi la lita 80 lenye filta ya sponji. Kisha ingiza wanyonge kwanza: gogogo, halafu compressiceps baada ya wiki mbili, frontosa mwisho. Aliyetangulia ana makao tayari. Ukilazimika kuongeza mmoja kwenye tangi la zamani, hamisha mawe yote siku hiyo, ili hata wenyeji waanze upya kutafuta pa kukaa, na uingize jioni.

Kwa wanaosafirisha hadi Tabora kwa treni, zaidi ya kilomita 400, samaki asile siku 2 au 3 kabla ya safari. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, mfuko ndani ya mfuko, gazeti katikati. Wenye miiba wasafiri kwenye kopo la plastiki gumu lenye matundu ndani ya mfuko. Kila mmoja peke yake. Weka yote kwenye boksi la povu gumu kama yale ya samaki wa barafu.

Ukifika, kile kitendo cha kufungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi kwa saa mbili ndicho kinachoua. Safarini pumzi ya samaki imeshusha pH ya mfuko, na amonia iliyojikusanya iko kwenye sura yake isiyo kali. Ukifungua, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu huku samaki yumo. Elesha mfuko uliofungwa dakika 20 ili joto lilingane, fungua, mchukue samaki kwa chombo, mtie karantini moja kwa moja. Maji ya mfuko mwaga. Ndiyo maana maji ya karantini yawe na pH na ugumu wa kule alikotoka kabla treni haijafika, na taa izimwe hadi kesho yake.

Wiki mbili za kwanza za kukaa pamoja, amka kabla hapajakucha, chukua tochi ya mwanga hafifu, wahesabu. Akikosekana mmoja, tafuta nyuma ya mawe na ndani ya filta kabla hujaamini ameliwa, kwa sababu mzoga wa sentimita 8 uliojificha kwenye pH 8.8 unaweza kuwachukua na waliobaki. Usipoupata, pima tena mdomo wa yule mkubwa.